Landrova ya Namkunda

Kila mkishiba mnanikodolea macho. "Bibi, tupe ile ya gari." Ile ya gari! Za sungura zimeisha? Ile ya gari kila nikiisema mnagombana mpaka chai inapoa, na kesho yake mama zenu wanakuja kuniuliza nimewalisha nini. Mimi siwalishi kitu, mna midomo tangu kuzaliwa. Haya, kaeni. Shikeni na mahindi mpukuchue, maana hamsikilizi kwa mikono. Na anayetaka kulia akalie kwao.

Hapo zamani, wala si zamani ile ya wanyama kuzungumza, ni zamani ya watu wenyewe, palikuwa na mjane juu milimani Upare, jina lake Namkunda. Mumewe alipokufa alimwachia shamba la tangawizi, mabinti wawili na Landrova moja. Shamba lilikuwa na mteremko, mabinti walikuwa na midomo, na Landrova ilikuwa mbovu.

Ilikuwa imelalia upande mmoja kama mtu mwenye jipu kwenye tako. Springi za kushoto zimekatika. Breki, ukikanyaga, mguu unakwenda mpaka chini kama umekanyaga uji. Breki ya mkono ndiyo ilikufa kabla hata ya mwenye gari. Kuku walitagia kwenye kiti cha nyuma na hakuna aliyewafukuza.

Binti mkubwa alishikwa na uchungu wakati wa masika. Landrova iko pale pale uani, na kuku wake. Wakambeba kwa machela, vijana wakipokezana mabegani, kuteremka kwenda hospitali ya bondeni. Njia tope, njia mawe. Walipofika katikati ya mteremko, yule binti akanyamaza. Waliendelea kumbeba vilevile mpaka mlangoni kwa daktari, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Wakarudi naye wakipanda. Mkidhani kushuka ni kazi, jaribuni kupanda na maiti.

Binti mdogo, Nakiete, alikuwa ameolewa na Mbonea, kijana wa ng'ambo ya kijito, mtoto wa pekee kwa mama yake. Baada ya mwaka naye akashika mimba. Namkunda alipopewa habari hakupiga kigelegele. Alikwenda uani, akawafukuza kuku kwenye kile kiti, akakikwangua kinyesi kwa kisu. Halafu akatuma mtu amwite shemeji yake.

Shemeji huyo, mdogo wa marehemu, aliitwa Mweta. Alikuwa fundi, alikaa gereji za bondeni miaka akarudi na ovaroli moja na maneno mengi. Akaizunguka Landrova, akaipiga teke gurudumu, maana mafundi wote wanaanza na teke.

"Shemeji, hii ipelekwe gereji."

"Gereji iko wapi?"

"Bondeni."

"Na itashukaje bondeni bila breki?"

Mweta akalipiga gurudumu teke jingine.

"Basi gereji ni hapa," Namkunda akasema. "Leta vyombo vyako. Mwanangu huyu hatapanda machela."

Wakaanza. Waliinyanyua kwa jeki, wakaipandisha juu ya mawe, magurudumu yakatolewa, ikabaki inaning'iniza miguu kama mtoto aliyekalia ukuta. Mweta alikuwa analala chini yake, ovaroli limelowa, anatoa nati zenye kutu huku akizitukana moja moja kwa jina. Namkunda alikuwa anampa spana. Mwanzoni alimpa siyo. Baadaye Mweta akinyoosha mkono tu, Namkunda anajua ni ipi. Bushi zilizoliwa zilitolewa, dramu za breki zikafunguliwa, ndani vumbi jeusi kama masizi ya chungu. Viatu vya breki vikabadilishwa. Mipira ya ndani ya silinda ikabadilishwa. Mwanamke akavijua vitu hivyo vyote, akawa anavitaja kwenye kikundi cha kina mama kanisani, wenzake wakimtazama kama kapagawa.

Springi, sasa. Springi mpya zilikuwa shida kupatikana. Mweta akasema, "Twende kwa Mshana."

Nyie hamjui Washana. Ni ukoo wa wahunzi. Chuma chao ni chao, na mdomo wao watu waliuogopa. Waliamini Mshana akikulaani mbele ya mivukuto yake, hata kizazi chako kinakohoa. Mzee Kadeghe Mshana alikuwa amekaa mbele ya moto wake, jicho moja jekundu, jingine jekundu zaidi. Wakamtupia zile springi zilizokatika na vyuma vya springi za lori vya kutengenezea nyingine.

"Ziwe na nguvu, mzee wangu," Namkunda akamwambia. "Gari lisilale upande."

"Zipande kiasi gani?" Mzee Kadeghe akauliza.

Mweta akajibu, "Kama zilivyokuwa mpya."

"Mimi sikuziona zikiwa mpya."

"Zikunje tu vizuri, mzee. Wewe si ndiye Mshana?"

Mzee akazikunja. Alizitia motoni, akazigonga, akazizamisha, zikatoka nyeusi na zimepinda kama upinde wa kuwindia. Zilipofungwa, Landrova ikasimama wima, juu, ikawa ndefu kuliko majirani zake wote. Watu wakaja kuitazama. Mmoja akasema, "Sasa hii mtu anaipanda kwa ngazi." Namkunda akacheka, na tangu msiba wa yule binti mkubwa hakuwa amecheka.

Ikabaki kutoa upepo kwenye breki. Kazi hiyo inataka watu wawili, mmoja chini mmoja kwenye kiti. Namkunda akavua kandambili, akapanda, akaweka mguu mtupu kwenye pedali.

"Pampu, shemeji! Pampu! Pampu! Shika!"

Anashika. Chini Mweta anafungua skrubu, mafuta yanatema povu kwenye chupa, pedali inazama. Anafunga.

"Pampu! Pampu! Shika!"

"Mguu unaniuma."

"Uchungu wa mtoto unauma zaidi. Pampu!"

Wakaenda gurudumu hadi gurudumu namna hiyo, mpaka pedali ikagoma kushuka, ikawa ngumu kama jiwe la kusagia. Namkunda alikaa pale kwenye kiti, mguu wake ukitetemeka, akaendelea kuikanyaga peke yake hata baada ya kuambiwa basi. Ilimpa raha. Kitu kilichokuwa kinamkimbia chini ya mguu sasa kilikuwa kinamsukuma.

Mweta akafunga magurudumu. Kabla ya kuishusha kutoka kwenye mawe, akatazama nyuma, pale mpira wa breki unapotoka kwenye chesisi kwenda kwenye ekseli, chuma kinachoshika magurudumu ya nyuma. Akaugusa kwa kidole. Ekseli ikiwa inaning'inia vile, na springi za Mzee Kadeghe zimeinua mwili wa gari juu kuliko zamani, mpira ulikuwa umenyooka kama kamba ya mbuzi anayetaka kukimbia.

"Shemeji, njoo uone. Mpira huu umekuwa mfupi."

"Umekuwaje mfupi, na ni ule ule?"

"Wenyewe ni ule ule. Gari ndilo limepanda. Hapa kwenye tambarare hakuna neno, likikaa chini mpira unalegea. Lakini gurudumu likitumbukia kwenye shimo refu, ekseli inashuka, mpira unavutika. Ukikatika huo mmoja, mafuta yote yanamwagika, breki zote nne zimekwisha. Kesho nakwenda bondeni kutafuta mrefu. Mpaka nirudi, asiliendeshe mtu. Umenisikia? Mtu yeyote."

"Nimekusikia."

Akalishusha. Likasimama uani kwa miguu yake minne, limeoshwa, madirisha yanang'aa. Mtu akilitazama, ataona gari zima.

Kesho yake asubuhi, Mweta kabla hajavaa viatu, baragumu likalia. Baragumu la msaragambo. Mvua zilikuwa zimeila barabara, na mwenyekiti wa kitongoji akaita watu wote waje na majembe. Kule msaragambo hauulizwi. Ukikosa mara ya kwanza wanachukua jogoo wako wanamla. Ukikosa mara ya pili wanang'oa mlango wa nyumba yako, unalala wazi kama zizi. Na Mweta jogoo wake alikuwa ameshaliwa, siku ile aliyokuwa chini ya Landrova. Basi akasema bondeni kutangoja, akabeba sepetu akaenda.

Ufunguo aliuacha ndani ya gari, ulipokaa siku zote.

Jua lilipopanda, Nakiete akashikwa. Alikuja kwa mama yake kwa miguu, amejishika kiuno, maji yameshamwagika njiani, na Mbonea nyuma yake amebeba furushi. Mtoto alikuwa amekuja mapema kuliko alivyotarajiwa.

Hapa ngojeni niwaambie, maana nyie mnakaa na wakwe zenu sebuleni mnatazama televisheni mmekunja miguu. Kwao enzi hizo, mama mkwe na mkwewe wa kiume hawakutazamana. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Hawasemezani. Mwenye neno analipitisha kwa mtu wa tatu, na kama hakuna mtu wa tatu, neno linalala. Hiyo ndiyo iliitwa heshima, na Namkunda aliishika sana. Mbonea alipoingia uani, Namkunda alijifunika khanga mpaka kwenye paji, akageukia ukuta.

Mbonea akaliona gari. Limeoshwa, limesimama wima. Akamwambia mkewe, "Gari limekwisha. Twende."

Namkunda akasikia. Akamvuta Nakiete ndani, mlango nusu, akamwambia kwenye sikio, "Mwambie mumeo gari halijaisha. Mpira wa breki ni mfupi, unavutika. Shemeji amesema asiliendeshe mtu. Aende akawaite vijana barabarani waje na machela."

Nakiete aliposikia machela alimwangalia mama yake hivi. Uchungu ukamkamata hapo hapo, akashika fremu ya mlango, kucha zikaingia kwenye mbao. Ulipomwachia, akatoka nje, akamwambia mumewe:

"Mama anasema twende polepole."

Namkunda alisikia hilo pia. Alikuwa nyuma ya mlango, hatua chache tu kutoka kwa mkwewe. Alimwona kwa upenyo akimshika Nakiete kwapani, akimpandisha juu kwenye lile gari refu, akimwekea furushi chini ya miguu. Kijana mpole, mikono imekomaa kwa jembe, alijifunza kuendesha kwenye trekta la mashamba ya mkonge bondeni. Namkunda akafungua mdomo. Akaufunga. Akakohoa kwa nguvu, kikohozi cha mtu anayetaka kutazamwa. Mbonea kwa heshima yake akageuza uso pembeni zaidi.

Gari likawaka.

Hakupanda nalo, maana angekaaje kiti kimoja na mkwe? Alikuwa awafuate kwa miguu na kibuyu cha uji. Alisimama mlangoni mpaka mlio wa injini ukaishia kwenye kona ya kanisa. Akaanza kukoroga uji, akaukoroga vizuri, bila mabonge. Hajaepua, baragumu likalia tena. Na msaragambo haupigiwi baragumu mara mbili kwa siku moja.

Waliokuwa barabarani ndio walioona. Asubuhi yote walikuwa wanachimba mfereji wa kukatisha barabara, maji ya mvua yapite ng'ambo yasile njia tena. Wameuchimba, mawe ya kuufunika hayajafika, wamekaa pembeni wanakula mihogo. Landrova ikatokea juu inakuja polepole, kama ilivyoagizwa. Mbonea akauona mfereji kwa kuchelewa. Magurudumu ya mbele yakatumbukia yakatoka. Ya nyuma yakatumbukia, ekseli ikashuka, ikanyanyuka, na ng'ambo ya mfereji udongo ukabaki na mstari wa mafuta. Mweta aliuona mstari ule kabla ya mtu mwingine yeyote. Akatupa mhogo, akakimbia nyuma ya gari akipiga kelele, "Gia! Rudisha gia!"

Mbonea alikanyaga, mguu ukafika chini. Akarudisha gia, gia ikaruka. Mbele kulikuwa na kona, na nje ya kona hakuna kitu, ni vilele vya miti ya bondeni. Akalipeleka gari kwenye ukuta wa mlima, upande wake yeye, siyo upande wa mkewe. Likabamiza mwamba.

Namkunda alipofika, wanawake walikuwa wameshazungusha khanga pembeni ya barabara na mtoto alikuwa analia. Mtoto wa kike. Nakiete mzima, ana jeraha kwenye paji. Mbonea alikuwa bado kwenye kiti, usukani uko kifuani, na wanaume wanasaidiana kuuvuta bila haraka. Kwa jinsi walivyokuwa hawana haraka, Namkunda akajua.

Hapo kwa mara ya kwanza alimtazama mkwewe usoni. Hakukuwa na wa kumkataza.

Walipomaliza kuzika na kuanua matanga, wazee waliitwa uani kwa mama yake Mbonea. Yule mama alikuwa mwembamba, mkavu, hakulia mbele za watu, na hilo liliwatisha kuliko kilio. Akasema:

"Sitaki ng'ombe. Ng'ombe hawalimi kwangu. Mwanangu alikuwa mmoja. Alikuwa ananilimia, ananiezekea, ananichotea maji, ananikatia kuni. Nataka mikono. Mwenye kosa atakaa hapa kwangu, atashika jembe la Mbonea mpaka nitakapokufa. Nionyesheni ni nani."

Mwenyekiti akaanza na Mweta. "Wewe ni fundi. Uliona mpira ni mfupi. Ukaliacha gari limesimama, limeoshwa kama bibi harusi, na ufunguo ndani!"

"Nilisema asiliendeshe mtu," Mweta akajibu. "Nilisema kwa mdomo huu. Na nilikwenda wapi? Kulewa? Nilikwenda kwenye baragumu lako, mwenyekiti. Ningebaki mngening'olea mlango. Ningekwenda bondeni siku ile, saa ile Mbonea anafika mimi niko njiani na mpira mkononi. Na aliyezipandisha springi juu mpaka mpira ukafupika ni mimi?"

Macho yakamgeukia Mzee Kadeghe. Hayakukaa sana. Watu walikuwa wanamwangalia magotini, si machoni.

"Niliuliza," Mzee akasema. "Niliuliza zipande kiasi gani. Mliniletea springi, hamkuniletea gari. Mkasema ziwe na nguvu, nikatia nguvu. Springi zangu hata sasa hazijakatika, nendeni mkazitazame pale kwenye mwamba. Anayesema chuma changu kimeua, aje anisemee mbele ya mivukuto."

Hakuna aliyekuwa na hamu ya kwenda mbele ya mivukuto. Mwenyekiti akasema, "Sawa, mzee wetu, umesikika," haraka haraka.

Nakiete akasimama mwenyewe, mtoto mgongoni. "Msihangaike. Ni mimi. Mama aliniambia maneno yote, nikayakata nikamfikishia mume wangu mkia. Kama ningemwambia, asingeendesha. Lakini nyie mlimwona dada yangu alivyorudi. Mimi nilimwosha. Nilisema nife kwenye gari nisife kwenye machela. Sikujua atakufa yeye."

Wanawake wakaanza kulia. Mama Mbonea akanyoosha mkono. "Wewe uko hapa hata hivyo. Wewe ni mke wa nyumba hii na unanyonyesha. Mikono yako ilikuwa yangu tangu zamani. Siwezi kulipwa na kilicho changu."

Halafu akamgeukia Namkunda. "Mama Nakiete. Gari lako. Ulijua. Ulisimama nyuma ya mlango na mwanangu yuko nje. Kwa nini hukumwambia?"

"Ni mkwe wangu," Namkunda akasema. "Nilimpa heshima yake. Nilituma neno kama inavyotakiwa."

"Ukasikia neno limefika siyo."

"Nilisikia."

"Nyumba ingekuwa inaungua na yeye amelala ndani, ungegeukia ukuta?"

Namkunda alikuwa anajiuliza swali hilo hilo tangu barabarani.

"Ningemwita kwa jina lake," akasema mwishowe, "na wewe mwenyewe ungekuwa wa kwanza kusema Namkunda hana adabu, amemvulia mkwe khanga. Ungesema mpaka sokoni."

"Ningesema," Mama Mbonea akakubali. "Na mwanangu angekuwa hai ananisikiliza nikisema."

Ndipo Mweta akatema mate pembeni, akasema, "Na mfereji? Mfereji ulichimbwa na nani? Hakuna hata tawi lililowekwa barabarani la kumwonya mtu. Mpira ule ungefika bondeni salama kama si shimo letu. Wote mliokaa kama mahakimu hapa, mlikuwa na majembe mikononi. Hata mimi."

Wazee wakatazamana. Mmoja akakumbuka ana mbuzi hajafungwa. Mwenyekiti akasema kwamba mfereji ni kazi ya umma, na kazi ya umma haina mwenyewe. Nyie mnacheka. Chekeni vizuri, ndivyo wanavyosema mpaka leo.

Basi hesabuni. Mhunzi anaogopwa. Fundi aliitwa na baragumu la wakubwa. Binti ananyonyesha. Mfereji hauna mwenyewe. Akabaki nani? Akabaki mjane asiye na mume wa kumsemea wala mtoto wa kiume wa kumsimamia. Hakuna aliyetamka kwamba ni yeye. Waliacha tu kuwatazama wengine wote.

Namkunda akasimama. Akakunja khanga kiunoni. "Jembe liko wapi?"

Wapo waliosema alikubali kwa sababu alijua kosa ni lake. Wapo waliosema, mjanja yule, anakwenda kukaa na binti yake na mjukuu wake, adhabu gani hiyo? Mama Mbonea naye alilifikiria hilo. Hakuwa mjinga hata kidogo.

"Subiri," akamwambia. "Jembe utapewa. Utalala kwenye kibanda cha mbuzi, utakula ukipakuliwa. Lakini yule mtoto hutamshika. Leo hutamshika, akiugua hutamshika, akianguka mbele ya miguu yako utaita mtu aje amwinue. Kama ulivyompitishia baba yake neno kwa mtu wa tatu, na mtoto utampitishia hivyo hivyo."

Nakiete akapiga yowe. Wazee wakasema hilo ni zito mno. Mama Mbonea akawaambia, "Basi leteni mwingine." Hawakuleta.

Namkunda akalima. Alilima shamba la watu kama lake, tangawizi ya kwake ikaozea ardhini, Landrova ikabaki pale kwenye mwamba watu wakiinyofoa kipande kipande. Alichota maji, akaezeka, akakata kuni. Mtoto alipolia kwenye kivuli cha migomba, alisimama na jembe lake akaita, "Jamani, mtoto analia!" na kama hakuna aliyekuwa karibu aliendelea kuita mpaka sauti ikakauka, na mtoto akalia mpaka akalala mwenyewe. Nakiete alimbembeleza mama yake amshike kwa siri, shambani, nani ataona? Hakukubali.

Siku moja yule mtoto akaanza kutembea. Alimwacha mama yake, akampita bibi yake mwingine, Mama Mbonea, akaja kwenye matuta akipepesuka kama mlevi, akinyoosha mikono miwili kwa Namkunda. Tuta lilikuwa refu. Namkunda akatupa jembe. Akaweka mikono yake nyuma ya mgongo, akaishikanisha, na mtoto akaanguka kifudifudi kwenye udongo, na Namkunda akasimama hapo hapo akiita watu.

Haya. Mweta yupo, aliyeliacha gari limesimama akafuata baragumu. Mzee Kadeghe yupo na springi zake. Nakiete yupo na neno alilolikata. Wapo wote wa mfereji. Na Namkunda yuko pale kwenye matuta, mikono nyuma. Je, nani alistahili jembe la Mbonea?